Diski Mpya na Kondoo wa Baba Caroline

Haya nimeambiwa na Caroline, msichana wa Dinah, Jumapili iliyopita baada ya kanisa, tukingoja mvua ipungue tuvuke uwanja. Aliongea kwa hasira, na mimi sikumkatiza, kwa sababu mtu mwenye hasira ukimkatiza anarudi mwanzo. Alipomaliza nikamwuliza kama naweza kuyaandika. Akasema, "Andika, labda mwingine atajua cha kusema kabla ya kupeana kompyuta yake kwa fundi."

Dinah namjua tangu alipoletwa hapa kama bibi arusi. Boma lao liko nje ya Kitengela, pale nyumba za ghorofa zinakwisha na waya za malisho zinaanza. Anaishi na mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Koko, yaani bibi, ingawa ni rika langu. Koko macho yamechoka lakini masikio ni ya swala.

Bwana wa Dinah alitutoka miaka miwili iliyopita. Jina lake sitaliandika. Kwetu sisi wa zamani mtu akishatangulia jina lake linapumzika naye, na anayelitaja mbele ya mama yake ni kama amechukua jembe akaenda kufukua. Vijana hawajali sana siku hizi, na pasta amesema si dhambi kutaja. Lakini kwa boma hilo mwiko huo bado unashikwa. Yeye ni Baba Caroline, basi, na mimi nitamwita hivyo.

Baba Caroline alikuwa mtu wa kondoo. Si hawa wetu wa mkia mnene, la, wale weupe wenye kichwa cheusi wanaoitwa dopa. Alianza na dume mmoja mwenye cheti, akamwita Chifu. Chifu akazaa dume, akaitwa DO, yule afisa mkubwa wa machifu. DO naye akazaa Kamishna. Kila kizazi alikipandisha cheo, na watu wakacheka, lakini kila mwana-kondoo aliyezaliwa, usiku au mchana, aliandikwa kwenye kompyuta: mama yake, baba yake, tarehe, namba ya sikio. Miaka kumi na miwili. Miwili ya mwisho, baada ya kufa kwake, Caroline ndiye aliyeandika, mahali pale pale.

Mambo yote yalikuwa ndani ya hiyo kompyuta, na kompyuta ilikuwa imezeeka. Dinah alikuwa anaiwasha, anaenda kufungulia kondoo, anachota maji, anarudi, na kale kaduara bado kanazunguka. Ndani yake kulikuwa na sauti, krr, krr, krr, kama kondoo anayecheua. Siku nyingine ilikuwa inafika katikati na kuganda, waizime, waanze tena.

Sasa chama cha wafugaji kikatuma ujumbe kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Huwa anakuja mara moja kwa miaka miwili. Akikuta vizazi vitatu vimeandikwa vizuri, chini ya mfugaji mmoja, Kamishna na watoto wake wanaingia kwenye kitabu cha kondoo safi. Asipokuta, Kamishna ni nyama kama nyama nyingine, na miaka kumi na miwili ya kondoo wa Baba Caroline ni hadithi. Dinah aliogopa kompyuta igande mbele ya mgeni. Kwa hivyo Jumatatu akaibeba mpaka mjini kwa Macharia.

Macharia ni fundi, kijana wa miaka thelathini hivi, duka lake liko karibu na soko. Alifungua lile sanduku akatoa vumbi, sufu ya kondoo na mayai mawili ya mjusi.

"Mathe, hapa ndani kuna boma ingine!" akamwambia Dinah, maana kwake mama yeyote ni mathe.

"Wewe tengeneza. Itakimbia?"

"Itaruka. Shida si kompyuta, shida ni diski. Hii ya zamani iko na sahani inazunguka na kasindano inatafuta. Imechoka. Nitakuwekea ya SSD, haina kitu inazunguka, ni kama fleshi kubwa. Ukibonyeza, iko."

Wakakubaliana diski nzee ibaki kwake. Dinah aliona ni sawa, chombo kibovu cha nini nyumbani. Alirudi akakaa na Koko wakanywa chai.

Simu ya Dinah sikio lake liliharibika zamani. Inaongea kwa spika ya nje tu, na inaongea kama mkutano wa hadhara. Saa tisa hivi ikalia.

"Mathe, ni Macharia wa kompyuta. Sikia, hii diski mpya ni ndogo kuliko ile, haiwezi kubeba yote. Nichague ipi? Niko na folda ya Caroline, niko na ya Dinah, halafu kuna ya huyu..."

Akalitaja. Jina lote, na la ukoo, nyumba ikajaa.

Koko alikuwa amefikisha kikombe mdomoni. Kikombe kikasimama hapo. Dinah akakata simu.

Ikalia tena. "Mathe, network ni mbaya. Nilikuwa nauliza huyu..." Akalitaja tena. Dinah akakata.

Mara ya tatu alianza na jina lenyewe, hata salamu hakuna. Dinah akazima simu kabisa. Koko akaweka chai chini na hakuimaliza.

Dinah alikuwa na nia ya kutoka nje ampigie Macharia, amwambie ahamishe kila kitu cha huyo mtu, na cha wengine akitupe akitaka. Lakini alipotoka alikuta kondoo mmoja anazaa vibaya, mguu umekuja mbele ya kichwa. Alipomaliza kunawa mikono ilikuwa jioni na simu ilikuwa imesahaulika chini ya mto wa kiti.

Jumanne akaenda kuchukua. Macharia akabonyeza, na kabla Dinah hajaweka kibeti chini, kompyuta ilikuwa imefunguka, inang'aa kama imeoshwa uso. Dinah alicheka peke yake njia yote, lile swali la simu limemtoka kichwani. Nyumbani akaiwasha na kuizima mara nne, Koko akimwuliza, "Imefunguka?" naye akijibu, "Imefunguka, Koko, hata sijakaa." Hizo zilikuwa saa nzuri, na ziliisha Jumatano, Caroline alipokuja kuchapisha karatasi za mkaguzi.

"Mama, vitu vya Baba viko wapi?"

"Si viko hapo?"

"Hapa tuko wawili tu. Mimi na wewe."

Dinah akasogea. Zamani kulikuwa na picha tatu ndogo za kuingilia. Sasa zilikuwa mbili. Caroline akatafuta Chifu, hakuna. Akatafuta DO, Kamishna, hakuna. Mashine ilikuwa inajibu haraka sana, na kila jibu ni hakuna.

Saa nne wakawa wamesimama mbele ya Macharia.

"Ulipeleka wapi vitu vya mzee?" Caroline akamwuliza.

"Mzee gani?"

"Ile folda ya tatu!"

"Aaa, huyo." Macharia akamwangalia Dinah kwa upole, kama mtu anayegusa kidonda. "Huyo nilimwacha. Si ulikata simu mara tatu, mathe? Nikasema, mama akikata simu mara tatu kwa jina la mwanaume, huyo mwanaume aliachwa. Hata dada yangu hivyo ndivyo alifanya. Sikutaka kukuletea mtu ulishafukuza kwa diski mpya."

Dinah alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakufanya hata moja. Kumweleza ingebidi aongee habari za kifo mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri chaja. Alisema tu, "Nipe ile diski nzee."

"Iko Kajiado."

"Kajiado kufanya nini?"

"Niliiweka jana kwa duka la dawa za mifugo la Gakuru. Kwa mashine ya kamera za ulinzi. Kwa kompyuta imechoka, lakini kwa kamera bado inaweza."

Caroline, ambaye anaelewa mambo hayo, akashika kichwa. "Kamera inaandika juu yake?"

"Inaandika," Macharia akasema, na sauti yake ikaanza kupungua. "Tangu jana saa kumi."

Walienda Kajiado na pikapu ya Dinah, Macharia katikati, amebanwa kama kondoo wa kupelekwa sokoni. Dukani kwa Gakuru wakakuta msichana wa kuuza, na mashine ya kamera imefungiwa kwenye stoo, na ufunguo anao Gakuru, na Gakuru ameenda Kimana kuangalia vitunguu vyake, na simu yake haipatikani. Wakakaa kwenye magunia ya chumvi ya ng'ombe. Kwenye ukuta kulikuwa na televisheni inayoonyesha mlango wa duka. Mbwa wa njano alikuwa amelala kwenye ngazi. Kila dakika aliyolala yule mbwa iliandikwa juu ya kondoo wa Baba Caroline, na hawakuweza kufanya kitu.

"Si mfukuze huyo mbwa," Dinah akasema.

"Mathe, hata akitoka, itaandika ngazi."

"Zima stima basi!"

Yule msichana akakataa. Friji ya chanjo iko kwa waya hiyo hiyo, chanjo zikiharibika yeye ndiye atafutwa kazi. Dinah ana kondoo, anajua chanjo ni nini. Wakangoja mpaka saa kumi.

Gakuru alipofika alikataa kwanza. "Mnataka kutoa jicho la duka langu? Niliibiwa Februari nikiwa sina jicho." Macharia akamwapia kumletea diski nyingine Ijumaa asubuhi, akamwachia kitambulisho chake. Diski ikatoka, imefungwa kwa gazeti. Dinah akaipakata mpaka Kitengela.

Alhamisi nzima ilikuwa ya kutafuta. Macharia alikuwa na programu ya kufukua vitu vilivyofutwa, na inaenda kwa asilimia. Ilifika sabini na moja stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, programu ikaanza moja. Macharia alienda nje akapiga teke jerikeni tupu, akarudi. Saa nane ikamaliza.

"Sikia, mathe. Nimepata mafaili elfu kumi na nne. Lakini majina yao yalikufa, yako na namba tu. Siwezi kufungua yote. Nipe neno iko ndani ya hiyo kazi."

"Kamishna," Dinah akasema.

Yakaja mia mbili na kitu. Caroline akafungua moja. Ilikuwa barua ya Baba Caroline kwa kamishna wa kaunti kuhusu barabara. Ya pili ni barabara. Ya tatu ni kisima. Baba Caroline alikuwa mtu wa kulalamika kwa maandishi.

"Jaribu Chifu." Barua kwa chifu. "DO." Usiniulize.

"Kondoo," Dinah akasema.

Sasa yakaja mahubiri, kwa sababu huyo mtu alikuwa pia mzee wa kanisa. Kondoo wa Bwana, kondoo wa malisho yake, kondoo aliyepotea na tisini na tisa waliobaki. Macharia akafungua na kufunga mpaka jicho likawa jekundu.

"Mathe, hii haitaisha leo. Hiyo kazi kichwa chake kilikuwa kinasema nini? Juu kabisa ya ukurasa?"

Dinah akaanza kukunja lile gazeti la diski. Caroline naye akaangalia chini. Akiwa peke yake angelitaja, vijana wanataja, lakini mbele ya mama yake alishindwa.

"Mathe! Mimi si malaika. Kilisema nini?"

"Kilisema Kondoo wa... halafu mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe."

Macharia akatupa mikono juu. "Tangu Jumatatu! Nauliza unakata, nauliza unanyamaza. Huyu mtu alikukosea nini?"

"Alikufa," Dinah akasema. "Hakunikosea kitu. Alikufa, na kwetu hatumtaji. Ile siku ulipiga ukamtaja mara tatu nikiwa na mama yake."

Macharia akaondoa mikono kwenye kibodi. Halafu akasema, "Ngai, Mungu wangu. Na kwetu usipotajwa ndiyo umekufa kabisa. Mimi ni Macharia kwa sababu kuna Macharia alikufa. Guka, babu yangu. Ninaitwa yeye siku nzima."

"Kila mtu na kwao."

"Pole, mathe. Wacha, usiniambie. Nililiona kwa skrini Jumatatu." Akaandika kichwa chote mwenyewe, taratibu, na hakutoa sauti hata ya midomo.

Yakaja mafaili kumi na moja. Kila mwaka ulikuwa na lake, na la mwaka huu halikuwepo. Hilo mbwa wa Gakuru alikuwa amelilalia. Wana-kondoo kumi na tisa wa mwaka huu walikwisha hapo. Caroline aliniambia alilia mbele ya wateja wa chaja na hakuona aibu. Lakini Chifu alikuwepo, na DO, na Kamishna, na mama zao wote. Dinah akasema, "Tosha. Chapisha twende." Macharia akasema atayapanga vizuri kwanza, wakanywe soda.

Kijana huyo ana roho nzuri. Nasema hivyo kwanza, kwa sababu ninachosema sasa kinakasirisha.

Ijumaa mkaguzi alikuja saa tatu. Anaitwa Hillary, kijana msafi, viatu vya kung'aa ndani ya samadi. Alimsalimu Koko kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikiwa, "Iko." Akampima Kamishna meno, miguu na mgongo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wakakaa mezani, Koko kwenye kiti chake karibu na mlango, na Hillary akafungua karatasi.

"Mfugaji," akasoma, "Baba Caroline."

Akageuza ukurasa. Baba Caroline. Akageuza tena.

"Mama, hii ni utani?"

Dinah akazichukua. Zote kumi na moja, juu ya kila ukurasa, palisema Kondoo wa Baba Caroline. Macharia alikuwa ameambia kompyuta itafute lile jina kila mahali na iweke hilo lingine. Alitaka Koko asije akasomewa. Kwa diski ile mpya, kazi hiyo ilichukua muda wa kupiga chafya.

Caroline akampigia. Simu ilikuwa imezimwa, kumbe alikuwa Kajiado kwa Gakuru anarudisha jicho la duka.

"Mimi naelewa," Hillary akasema, "lakini cheti cha Chifu kiko na jina la mtu, na hizi karatasi ziko na jina la baba ya mtu. Kitabu hakijui ni mtu mmoja."

"Si unacho cheti? Si unaliona hapo?"

"Ninaliona. Lakini siruhusiwi kukuonyesha wala kukusomea. Mwenye boma ndiye anasema, mimi nalinganisha, shahidi anaweka kidole. Nikikusomea nimekufanyia mtihani."

"Basi niandike?"

"Andika, nitakubali."

Akampa kalamu. Dinah alisoma mpaka darasa la saba, mwandiko wake ni mzuri. Akaweka kalamu kwa karatasi. Wino ukafanya doa, doa likakua. Hillary akaangalia saa, maana saa sita alikuwa anatakiwa Ngong. Nje Kamishna alikuwa anapiga mlango wa zizi kwa kichwa, ko, ko, ko, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Dinah," Koko akasema. "Unaandika?"

"Najaribu, Koko."

"Kuandika na kutaja vina tofauti gani? Kalamu nayo ni mdomo. Toa mkono hapo." Akamgeukia kijana. "Wewe, unataka nini hasa?"

"Jina la mwenye kondoo, Koko."

"Hawa kondoo wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Nisipopata jina, wanabaki nyama."

Koko alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Wengine wote walilipata kwangu," akasema. "Mimi ndiye nililipeana kwanza. Sogea karibu, sitarudia."

Akalitaja. Lote, na la ukoo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje ale. Hillary akaandika. Akaangalia cheti, akaangalia alichoandika, akasema, "Ni huyo." Koko akabonyeza kidole kwa wino, akaweka alama.

Kamishna aliingia kitabuni siku hiyo. Wale kumi na tisa hawakuingia, na Dinah alimpiga Hillary maswali mpaka kwa mlango wa gari, na jibu likawa lile lile, miaka miwili ijayo. Aliporudi ndani alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Macharia yaliyopangwa mdomoni, mazuri na mabaya, na simu mkononi.

Akakuta Koko amesimama katikati ya chumba.

"Nimechoka," Koko akasema. "Nataka kulala."

"Ni saa tano, Koko."

"Hata kama."

Dinah akampeleka kitandani, akamfunika shuka, akapiga magoti kumvua viatu. Koko alilala kiatu cha kushoto kikiwa bado mkononi mwa Dinah. Caroline alizima kompyuta, ikazimika mara moja, bila ile krr krr. Alipokwenda kuangalia kwa nini kumenyamaza, alimkuta mama yake ameketi sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, simu kwenye paja na kiatu kifuani. Alikuwa hajalala tangu Jumatano. Simu ilikuwa inalia, jina la Macharia kwenye kioo. Caroline aliichukua akaizima, akaondoka kwa ncha za vidole, na Dinah akalala.